WIMBO NA MWANASESERE: MALEZI YA WATOTO WADOGO KATIKA HISTORIA YA KANISA

Utangulizi

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja huandika majina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, miaka ya kujengwa makanisa, na hesabu ya waliobatizwa na waliobarikiwa. Ndivyo ipasavyo, kwa maana Kanisa lisilowakumbuka watumishi wake limesahau shukrani. Hata hivyo, kabla Mkristo hajakaa katika darasa la Kipaimara, amekwisha kufundishwa kwa miaka mingi na walimu wasioandikwa popote: mama aliyembembeleza, bibi aliyemwimbia jioni, dada aliyembeba mgongoni, na gunzi la mahindi ambalo yeye mwenyewe alilivika kitambaa akaliita mwanawe.

Sura hii inahusu malezi hayo ya kwanza, yaani kumfundisha mtoto mdogo kwa wimbo na kwa mchezo wa mwanasesere. Inayaangalia kwanza katika nchi ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa, kisha katika urithi wa Walutheri, na mwisho katika vituo vya watoto vya siku hizi. Historia hiyo ina mafundisho mengi, lakini lililo kuu ni hili: Kanisa lilipouheshimu wimbo na mchezo wa mtoto, lilimfikia mtoto mwenyewe. Lilipovidharau, lilipata watoto waliokaa kimya kwenye benchi huku mioyo yao ikibaki nje.

Shule iliyokuwapo kabla ya shule

Injili ilifika katika pande hizi kwa mikono mingi. Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu walivuka ziwa kutoka kisiwa cha Likoma. Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Walutheri wa Misheni ya Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakiongozwa na Alexander Merensky, na kutoka huko kazi yao ikaenea Ukinga na Ubena. Wote hao walijenga shule mapema. Wachache walitambua kwamba walikuwa wamekuta shule nyingine, isiyo na kengele wala ubao.

Katika vilima vya Umatengo, ambako ndiko ilipo Namswea, shule hiyo ilikuwa na mahali pake. Sengu ilikuwa kikao cha ukoo ambapo watu wa nyumba kadhaa walikula pamoja, na babu akapata nafasi ya kusuluhisha, kuonya na kufundisha. Mtoto mdogo aliyekaa karibu na chakula alisikia hekima kabla hajaweza kuieleza. Aidha, shamba la ngolo lenyewe lilikuwa darasa. Mtoto aliwaona wanaume wakifyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, na wanawake wakizifunika kwa udongo hata mteremko mzima ukajaa mashimo yanayozuia maji yasibebe rutuba. Kisha, kama watoto wa vijiji vyote vya Tanzania, alikwenda kando na wenzake akayafanya yale yale kwa kijiti na mchanga. Mmoja akawa baba, mwingine mama, mdogo wao akawa mtoto; na kama hakuna aliyekubali kuwa mtoto, gunzi lilichukua nafasi hiyo bila kulalamika.

Huko mwambaoni, watu wazima wenyewe waliacha ushahidi kwamba binadamu hujifunza dunia kwa kuigiza. Mwezi Agosti 1914 vita kuu ilifika Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, pale meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Watu wa ziwa walishuhudia kwata, tarumbeta na amri za wageni, na wengi wao walichukuliwa kuwa wapagazi na askari. Baada ya vita ikaenea ngoma ya mganda: wanaume wamepangwa kwa safu kama askari, wamevaa nguo safi, wanapuliza vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui vikalia kama tarumbeta, na viongozi wao wamepewa vyeo vya jeshi. Jambo lililokuwa la kutisha lilifanywa kuwa wimbo na igizo, na kwa njia hiyo likawekwa mahali ambapo moyo ungeweza kulibeba. Hivyo hivyo mtoto anayemkemea mwanasesere wake kwa sauti ya mama yake analipima jambo zito kwa kipimo anachokiweza.

Urithi wa Walutheri

Yeyote anayedhani kwamba wimbo na mchezo wa watoto ni mambo mageni katika Kanisa la Kilutheri na arudi kwa Martin Luther mwenyewe. Mwaka 1524, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani ili waanzishe shule, alisema kwamba watoto wake, kama angekuwa nao, wangejifunza pamoja na lugha na historia, kuimba na muziki pia. Mwaka 1530, akiwa ngomeni Coburg katika siku za hatari, alimwandikia mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, barua juu ya bustani nzuri ambamo watoto wema hucheza, wakiwa na farasi wadogo, filimbi na ngoma. Mtu aliyekuwa akibishana na wafalme hakuona aibu kumhubiria mtoto kwa vitu vya kuchezea.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wimbo wake wa Krismasi unaoanza na malaika akileta habari kutoka mbinguni, uliochapishwa mwaka 1535. Luther aliutunga kwa ajili ya watoto, na mwanzo wake aliuchukua kutoka wimbo wa mchezo wa vijana, ambamo mgeni anaingia akileta habari na mafumbo. Kwanza uliimbwa kwa sauti ya mchezo huo. Sauti inayojulikana leo ilichapishwa mwaka 1539. Ndani ya beti zake umo hata ubembelezaji wa mtoto mchanga, kwa kukumbuka desturi ya zamani ya kukitikisa kitanda cha mtoto Yesu kanisani. Basi mmojawapo wa nyimbo zinazopendwa kuliko zote katika Kanisa la Kilutheri ulizaliwa katika mchezo.

Warithi wa Luther hawakuliacha jambo hilo. Katika milima ya Vosges, Ufaransa, mchungaji Mlutheri Johann Friedrich Oberlin alitumika Waldersbach tangu mwaka 1767 hadi kufa kwake mwaka 1826. Ilikuwa parokia ya milimani yenye umaskini mwingi, ambako watoto walisema lugha ya nyumbani wasiyoweza kuitumia shuleni. Mwaka 1769 msichana mmoja wa huko, Sara Banzet, alianza kuwakusanya watoto wadogo na kuwafundisha kufuma. Oberlin hakumzuia, alimwajiri. Walezi waliomfuata, miongoni mwao Louise Scheppler, waliwafundisha watoto nyimbo, hadithi, majina ya mimea na maneno ya Kifaransa kwa kutumia picha. Hiyo huhesabiwa kati ya shule za kwanza kabisa za watoto wadogo katika Ulaya, na walimu wake walikuwa wasichana wa kijiji.

Friedrich Froebel, aliyezaliwa mwaka 1782, alikuwa mwana wa mchungaji Mlutheri, naye alifiwa na mama yake angali mchanga. Mwaka 1837 alianzisha kazi yake Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina la bustani ya watoto, ambayo kwa Kiswahili ni chekechea. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama na watoto wao. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku chekechea mwaka 1851, ikiziogopa kuwa chanzo cha uasi, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1860. Yaonekana watawala wale walielewa kwamba mtoto anayeimba na kucheza anajifunza jambo kubwa. Walikosea tu katika kulihesabu kuwa hatari.

Yaliyokataliwa na yaliyookolewa

Miaka mia moja haiwezi kuadhimishwa kwa kweli pasipo toba. Wamisionari wengi walikuja na nyimbo tamu za kwao, lakini waliposikia ngoma ya wenyeji waliikataza, na katika sharika nyingi Mkristo aliyeonekana ngomani alitengwa na Meza ya Bwana. Zilikuwapo ngoma ambazo dhamiri ya Kikristo isingeweza kuzikubali. Lakini katazo halikuchagua. Pamoja na yale yaliyostahili kukataliwa zilinyamazishwa pia nyimbo za kumfundisha mtoto kuhesabu, kuwataja ndugu zake, kusalimu na kusubiri zamu. Mtoto akajifunza kwamba sauti ya bibi yake haikufaa kuingia kanisani.

Jambo kama hilo laonekana katika habari ya mwanasesere. Walutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na baadaye wakafanya kazi Kisarawe na Maneromango, katika nchi ya Wazaramo. Huko walikuta mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono, chenye kichwa kilichochongwa nywele kwa mafungu mawili. Msichana aliyekuwa ndani kama mwali alikabidhiwa mwana hiti, naye alimtunza kama mtoto: alimwosha, akampaka mafuta na kulala naye. Mwali si mtoto mdogo, na mwana hiti alibeba mambo ya uzazi na ukoo kuliko mchezo wa kawaida. Lakini mgeni asiyeuliza angeweza kumhesabu miongoni mwa sanamu, na kukosa kuona kwamba wazee wa Kizaramo walikuwa wameweka elimu yao nzito kuliko zote, elimu ya kumtunza binadamu, katika mikono ya msichana na mtoto wake wa mti. Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, aliyefika Tanganyika mwaka 1952 na kufundisha katika chuo cha walimu cha Ashira, Kilimanjaro, baadaye aliishi katika kijiji cha Wazaramo na kuuliza. Kitabu chake juu ya ibada na ishara za Wazaramo kilitoka mwaka 1970.

Wapo wengine waliouliza mapema. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika mwaka 1902 na kutumika Uchagani hadi mwaka 1938, alikusanya mafundisho ya jadi ya Wachaga katika juzuu tatu kubwa. Otto Raum, aliyezaliwa mwaka 1903 huko Moshi akiwa mwana wa mmisionari Mlutheri, aliandika kitabu kizima juu ya utoto wa Wachaga, kilichochapishwa mwaka 1940. Raum alikataa wazo kwamba mtoto anayecheza anaiga tu kama kasuku. Aliona kwamba watoto huunda jamii ya watu wazima ya kufikirika kutokana na vipande vidogo wanavyoruhusiwa kuvijua. Mtoto huchagua, hupunguza, huongeza, na wakati mwingine humcheka mkubwa wake. Neno hilo lingeweza kuandikwa juu ya watoto wa Namswea siku yoyote.

Kwa upande wa nyimbo, ukombozi ulikuja taratibu. Sauti za Ulaya ziliyapandisha na kuyashusha maneno ya lugha zetu mahali pasipostahili, hata maana ikapotea. Katika Chuo cha Theolojia Makumira, mmisionari Howard Olson aliwahimiza wanafunzi walete sauti za kwao ili zitiwe maneno ya Injili. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa sauti ya Kihaya, nao ukavuka bahari ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya mbali. Sauti zilizokuwa zimeachwa mlangoni ziliingia ndani, na watoto waliziimba bila kufundishwa mara mbili.

Kazi ya wimbo na kazi ya mwanasesere

Wageni wa Dayosisi wanaotembelea vituo vya watoto hupokewa kwa wimbo, na huenda wengine wakadhani kwamba wimbo ule ni mapambo. Sivyo. Mtoto wa Umatengo mara nyingi hufika darasani akiwa na Kimatengo kinywani, na mafundisho ya awali hutolewa kwa Kiswahili. Mwalimu akimwuliza swali hunyamaza, naye huandikwa kuwa mzito wa kuelewa. Mwalimu huyo huyo akianza wimbo wa kupiga makofi, mtoto huimba na wenzake maneno asiyoyajua bado. Mikono hugusa kichwa, bega na goti wakati neno linapotajwa. Na kabla ya juma kwisha maana imeingia bila aibu ya kukosea. Kwaya humficha anayejifunza mpaka awe tayari kusimama peke yake.

Wimbo hutayarisha kusoma pia. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Oxford, Lynette Bradley na Peter Bryant, walionyesha kwamba watoto wa miaka 4 na 5 waliotambua maneno yenye vina na sauti zinazofanana walisoma vizuri zaidi miaka iliyofuata. Kiswahili kimependelewa katika jambo hili, kwa kuwa silabi zake huishia kwa irabu na huhesabika kwa makofi. Mtoto aliyekwisha kupiga ma-ha-ra-ge kwa mikono yake hupata kazi nyepesi siku anapoyaona maandishi yake ubaoni.

Mwanasesere ana kazi nyingine. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky alifundisha kwamba katika mchezo mtoto huwa mkubwa kuliko umri wake. Mtoto asiyeweza kusubiri uji wake husubiri kwa utulivu akiwa mama anayemlisha mwanasesere kwanza, kwa sababu mama ndivyo afanyavyo. Aidha, gunzi linapoitwa mtoto, akili imejifunza kwamba kitu kimoja chaweza kusimama badala ya kingine. Na huo ndio mwanzo wa kuelewa kwamba alama iliyoandikwa yasimama badala ya sauti. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara humtumia mwanasesere wa vitambaa kufundisha kunawa mikono, kusalimu, kutaja viungo vya mwili na kupanga kazi za asubuhi kwa taratibu yake. Mtoto asiyeweza kumjibu mwalimu mara nyingi humjibu mwanasesere.

Iko kazi ya tatu, nayo ni ya kichungaji. Miaka ambayo UKIMWI uliacha yatima wengi, walimu waliwaona watoto wakicheza msiba: wakimlaza mwanasesere, wakimfunika, wakilia na kumzika. Wako wakubwa waliowakemea kwa kuogopa mkosi. Lakini Bwana Yesu aliwaona watoto wa namna hiyo sokoni, wakicheza arusi kwa filimbi na msiba kwa maombolezo, naye hakuwakemea. Aliutumia mchezo wao kuwaonya watu wazima wasiotaka kucheza wala kulia (Mathayo 11:16-17). Huko Nshamba, mkoani Kagera, mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa Humuliza, jina lenye maana ya kufariji, uliwaandaa walimu kuisikiliza huzuni ya yatima. Mtoto anayemzika mwanasesere wake analisema jambo ambalo hana maneno yake. Anahitaji mtu mzima wa kuketi karibu.

Vituo vya watoto na hatari ya siku hizi

Serikali ilitunga Sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana mwaka 1981. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6, na Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Makanisa yamekuwa mshirika katika kazi hii. Masista wa Ushirika wa Neema, Moshi, kwa mfano, wamewafunza walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Montessori.

Hayo ni maendeleo ya kushukuru. Lakini pamoja nayo imeingia hatari. Wazazi hupenda kuona daftari limejaa, nao huuliza mtoto ameandika nini leo. Hawaulizi ameimba nini. Mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto wengi hushawishika kuwakalisha kwa safu na kuwakaririsha irabu tangu asubuhi. Kituo cha watoto hugeuka kuwa shule ya msingi yenye viti vifupi. Zamani wimbo na mwanasesere vilikataliwa kwa jina la dini. Leo vyaweza kukataliwa kwa jina la maendeleo, na mtoto atakayepoteza ni yule yule.

Wala haiwezi kusemwa kwamba umaskini ndio kikwazo. Gunzi, kitambaa cha kanga kuukuu, kibuyu na mikono miwili ya kupiga makofi vinapatikana Namswea kila mwaka wa mavuno. Kinachopungua ni ridhaa ya wakubwa. Baraza la wazee likikubali kwamba saa ya nyimbo na michezo ni saa ya mafundisho, na bibi wa usharika wakialikwa waje na nyimbo zao za Kimatengo na Kinyasa, kituo kitakuwa kimepata walimu ambao hakuna chuo kingeweza kuwatoa.

Hitimisho

Kila Krismasi watoto wa Shule ya Jumapili huigiza kuzaliwa kwa Bwana. Msichana mmoja huvikwa kitenge awe Mariamu, mvulana hushika fimbo awe Yusufu, na katika hori huwekwa mwanasesere. Usharika mzima hunyamaza. Hakuna mzee wa kanisa anayesimama kusema kwamba huo ni mchezo wa watoto, kwa maana kila mtu anajua kilichoko ndani ya hori lile. Msichana humwinua mwanasesere kwa uangalifu, akamshika shingo kama alivyomwona mama yake akifanya, na wenzake humwimbia.

Katika dakika zile chache Kanisa hukiri lile ambalo katika miaka mia moja halikulikiri sikuzote: kwamba Mungu alikubali kubebwa na kubembelezwa, na kwamba mtoto mdogo hulishika fumbo hilo kwa mikono na kwa wimbo kabla hajalishika kwa Katekisimo. Nabii Zekaria aliona mji uliorejeshwa na Bwana, akaona njia zake zimejaa wavulana na wasichana wakicheza (Zekaria 8:5). Usharika unaoingia katika karne yake ya pili utajulikana kwa majengo yake na kwa hesabu zake. Na ujulikane pia kwa sauti za watoto wake. Mungu na awabariki akina mama, bibi na walimu wa watoto, ambao kazi yao haikuandikwa, na matunda yake yamejaza makanisa.